Milioni ishirini za darasa, mia tano za mtoto

Mtumishi wa umma akistaafu anapewa barua, anapewa hesabu za kikokotoo cha mafao za kumkosesha usingizi, na anarudishiwa mdomo wake. Hicho cha mwisho hakiandikwi popote, lakini mimi ndicho nilichokifurahia kuliko vyote. Mwalimu mkuu aliye kazini akisema hadharani kwamba shule yake haina chaki, swali la kwanza si chaki imekwisha lini. Swali la kwanza ni nani kamtuma.

Niliongoza shule ya msingi ya serikali mkoani Geita, kwenye kata ya wakulima wa mananasi na mpunga na wachimbaji wadogo wa dhahabu, mpaka nilipostaafu mwaka 2024. Jina la shule naliacha, maana aliyenirithi ni kijana mwenye watoto wa kusomesha na hamu ya kupanda daraja. Ninyi wanangu niliowafundisha, ambao sasa ni wazazi, mmekuwa mkinipigia simu na swali lile lile: Madam, kila siku tunasikia mabilioni ya elimu kwenye redio, mbona kwenye vikao vya shule tunaambiwa hakuna hata rimu ya karatasi? Fedha zinaliwa?

Zinazoliwa zipo, sitawadanganya. Ila wizi si jibu la swali lenu. Shule inapokea fedha za aina mbili ambazo hazijuani kabisa. Kuna fedha ya kujenga, ambayo ikija inakuja na magari, kamera na tarehe ya mwisho. Na kuna fedha ya kuishi, ambayo inaingia kimya kimya kwenye akaunti na hakuna anayeisemea. Nianze na hii isiyo na msemaji.

Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015 ndio uliofungua mlango wa elimu bila malipo, na utekelezaji ukaanza Januari 2016. Kwa shule ya msingi, kila mtoto alihesabiwa shilingi 10,000 kwa mwaka. Katika hizo, 4,000 zinabaki juu kwa ajili ya vitabu, na 6,000 zinashuka shuleni kama ruzuku ya uendeshaji. Wenzetu wa sekondari walihesabiwa 25,000, nusu ya vitabu na nusu ya shule, pamoja na fidia ya ada: 20,000 kwa mwanafunzi wa kutwa na 70,000 kwa wa bweni. Sasa chukua elfu sita yangu uigawe kwa miezi kumi na miwili. Mia tano. Mtoto mmoja, mwezi mzima, kwa bei ya chapati moja pale stendi.

Shule yangu ilikuwa na watoto 1,140 kwenye hesabu ya mwisho niliyoikabidhi. Ina maana ruzuku ya mwezi ni shilingi 570,000. Humo humo nunua chaki, rimu, wino, daftari za mahudhurio na za maandalio ya walimu, lipia umeme wa LUKU, rudufu mitihani ya ndani, rekebisha dawati lililovunjika na bati lililong'olewa na upepo, nunua mpira, peleka timu kwenye UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi, na mlipie nauli anayepeleka nyaraka halmashauri. Na si kwamba unaamua mwenyewe kipi kianze. Mwongozo umeshaigawa kwa mafungu: hili la vifaa, hili la ukarabati, hili la mitihani, hili la michezo, hili la utawala. Kitasa cha ofisi kikiharibika wakati fungu la ukarabati limekauka na la michezo lina akiba, unafunga ofisi kwa waya na unamwomba Mungu mwezi uishe.

Kuna jambo moja ambalo hata walimu wengi vijana hawalijui. Ile elfu kumi ni ya zamani kuliko elimu bila malipo. Ilitoka kwenye MMEM, mpango wa maendeleo ya elimu ya msingi ulioanza 2002 baada ya ada ya shule ya msingi kufutwa. Wakati ule ilipangwa dola kumi kwa kila mtoto, na dola ilikuwa chini kidogo ya shilingi elfu moja, kwa hiyo dola kumi zikawa elfu kumi. Hesabu ikafungwa hapo. Dola imepanda mpaka ikawahi kuvuka 2,500, saruji imepanda, karatasi imepanda, elfu kumi imebaki imekaa kama mgeni aliyesahaulika sebuleni. Msichana niliyemfundisha darasa la kwanza mwaka 2002 alikuja miaka ishirini baadaye kumwandikisha mwanawe kwangu, na wote wawili, mama na mtoto, walihesabiwa kiasi kile kile.

Haki itendeke, mwaka 2016 ulikuwa na wema wake. Kabla ya hapo ruzuku ilikuja inapojisikia. Kuna miezi haikuja, kuna mwaka ilikuja kidogo ukashindwa kuelewa ni ya muhula upi. Baada ya Januari 2016 ikawa inaingia kila mwezi moja kwa moja kwenye akaunti ya shule. Na watoto! Ile Januari sitaisahau. Wazazi walipanga foleni tangu saa kumi na mbili asubuhi, wengine wameleta watoto wa miaka kumi na moja ambao hawajawahi kushika kalamu, wengine wameleta wadogo mno wanaolilia maziwa. Wale wa kwenye makambi ya wachimbaji, waliokuwa wakisukuma maji na kuchekecha mchanga, walikuja na vumbi lao. Nilisimama pale nikiwa na furaha na hofu kwa kiasi sawa, kwa sababu nilikuwa na vyumba vya madarasa tisa na walimu kumi na wanne. Mwaka uliofuata, Aprili 2017, ikasomwa orodha ya watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi nchi nzima, na ajira zilikuwa zimesimamishwa. Walimu wangu wakawa kumi na watatu.

Kwa hiyo mtu asije akanukuu andiko hili kudai kwamba nataka ada irudi. Sitaki. Nimefundisha enzi za kuwarudisha watoto nyumbani Jumatatu asubuhi wakalete michango, na najua nani alikuwa harudi. Alikuwa harudi msichana.

Wema mwingine wa 2016 ni posho ya madaraka. Mwalimu mkuu wa msingi shilingi 200,000 kwa mwezi, mkuu wa shule ya sekondari na afisa elimu kata 250,000. Kabla ya hapo ukuu wa shule ya msingi ulikuwa adhabu yenye ufunguo wa stoo. Unafundisha vipindi kama wengine, unalala ukiwaza choo kilichojaa, na mshahara wako ni ule ule. Ile laki mbili ilileta heshima. Lakini ilileta na kitu kingine nilichokiona polepole. Ukimpa mtu kitu, umepata kitu cha kumnyang'anya. Niliwaona wenzangu hodari, watu waliokuwa wakisimama kwenye vikao na kumwambia afisa kwamba hili haliwezekani, wakianza kukohoa na kukaa chini. Kuvuliwa ukuu hakuhitaji kesi. Kiongozi anapita kwa ziara ya kushtukiza, anakuta nyasi ndefu au watoto wamechelewa kuingia darasani, na hapo hapo mbele ya wanafunzi anatamka kwamba kuanzia leo wewe si mwalimu mkuu. Lilimpata rafiki yangu wa kata ya jirani. Nyasi zilikuwa za mvua za wiki ile. Kesho yake alifundisha hisabati darasa la tano kwenye shule ile ile aliyoiongoza, akiwa na utulivu ambao mimi nisingeuweza.

Sasa njoo kwenye michango, maana ndiko mimi na wazazi tulikogombana na ndiko tulikopatana.

Kabla ya elimu bila malipo, shuleni kwetu mlinzi alilipwa na wazazi, uji ulipikwa kwa mahindi ya wazazi, na mpishi alilipwa na wazazi. Nyaraka za mwanzo ziliacha dirisha: mchango wa hiari unaruhusiwa, mradi taratibu zifuatwe na asizuiwe mtoto kusoma. Pia zilitaja wazi kwamba sare, madaftari, kalamu na chakula cha mtoto wa kutwa ni jukumu la mzazi. Lakini nani alisoma mpaka ukurasa huo? Watu walisikia neno bure kwenye redio. Halafu Januari 2018 Rais Magufuli akapiga marufuku michango shuleni na kuwatoa walimu kabisa kwenye kushika fedha hizo. Mwenye kutaka kuchangia apeleke kwa mkurugenzi. Nilimwelewa. Kulikuwa na shule zilizogeuza michango kuwa mradi, mtoto anadaiwa mpaka ndoo na jembe. Lakini mzazi wa kijijini kwangu mwenye debe moja la mahindi hawezi kupanda bodaboda kwenda makao makuu ya halmashauri kumkabidhi mkurugenzi debe hilo. Uji ukafa wiki mbili baada ya tamko.

Ukitaka kujua uji una kazi gani, simama darasa la pili saa tano asubuhi kwenye shule isiyo na uji. Watoto wanatembea kilomita nne, wameondoka nyumbani bila kitu, na unawafundisha kusoma silabi. Wanakutazama tu. Mahudhurio yangu ya Ijumaa yaliporomoka, kwa sababu kufikia Ijumaa mtoto alishachoka.

Uji ulirudi, na namna ulivyorudi ndiyo sehemu ya kazi yangu ninayojivunia. Sikuuanzisha mimi. Alikuwa mzee mmoja, mjumbe wa kamati ya shule, aliyesimama kwenye mkutano wa kijiji, mkutano wa kijiji lakini, si wa shule, akauliza kwa Kisukuma kama kuna mtu pale ambaye ng'ombe wake anakwenda kulima bila kula. Watu wakacheka, kisha wakanyamaza. Serikali ya kijiji ikapitisha yenyewe: kila kaya yenye mtoto shuleni itoe mahindi kiasi walichokubaliana wakati wa mavuno, yapokelewe na wao, yatunzwe kwenye ghala la kijiji, mpishi alipwe na wao. Mwalimu hashiki hata punje. Muhtasari ukaandikwa, ukasainiwa na mtendaji, nakala ikaja kwenye jalada langu. Mwaka 2021 serikali ilipotoa mwongozo wa chakula na lishe shuleni na kuanza kuhimiza kila shule iwe na chakula kwa kushirikiana na wazazi, sisi tulikuwa tunapika kitambo. Afisa mmoja alikuja kutupiga picha kama mfano wa kuigwa. Miaka mitatu nyuma ningepigwa picha ya aina nyingine.

Ile fedha nyingine sasa, ya kujenga.

Mwishoni mwa 2021 zilikuja zile za mkopo wa IMF, mpango wa ustawi na mapambano dhidi ya UVIKO-19, shilingi trilioni 1.3 kwa nchi nzima. Kwenye elimu zikajenga madarasa 15,000: 12,000 ya sekondari na 3,000 kwenye vituo shikizi vya shule za msingi. Darasa moja milioni 20. Shule yangu ilikuwa na kituo shikizi, yaani tawi la shule, kwenye kitongoji cha mbali, watoto wakisomea chini ya mwembe na kwenye kibanda cha nyasi. Tukapewa madarasa mawili. Milioni arobaini! Mwalimu wa Kiswahili na Maarifa ya Jamii, mwanamke wa miaka hamsini na kitu, nikawa msimamizi wa ujenzi.

Tulijenga kwa force akaunti, maana yake hakuna mkandarasi: shule inanunua vifaa yenyewe na kumlipa fundi. Unaunda kamati ya ujenzi, kamati ya manunuzi na kamati ya mapokezi, na wajumbe wake ni walimu wako na wanakijiji. Anayenunua si anayepokea, anayepokea si anayetumia. Utaratibu mzuri, na wananchi wakijua mifuko ya saruji imeingia mingapi, haipotei. Lakini nchi nzima ilikuwa inajenga kwa wakati mmoja. Saruji ikapanda, mabati yakaadimika, mafundi wakaanza kuringa. Fundi wetu alikuwa na maeneo matatu kwa siku moja, kwetu anaacha kijana mmoja na pima maji ili ionekane kazi inaendelea.

Na simu! Kundi letu la WhatsApp la walimu wakuu liligeuka kuwa chumba cha dharura. Saa moja asubuhi: tuma picha ya msingi. Saa sita: tuma picha ya lenta. Saa tatu usiku: ambaye hajatuma picha ajieleze kwa maandishi. Alikuja afisa elimu kata, akaja mtendaji, akaja mhandisi, wakaja wa wilaya, wakaja wa mkoa, na kila aliyekuja alitaka risala fupi na maji ya kunywa ya chupa. Nitawaambia jambo na mlipime wenyewe. Katika miezi yote ile ya ujenzi hakuna hata mmoja wa wageni hao aliyeniuliza watoto wangapi wa darasa la pili hawajui kusoma. Nilikuwa na idadi hiyo kwenye daftari. Nilikuwa tayari kabisa kuulizwa.

Madarasa yalikwisha, na ni mazuri. Siku watoto wale wa chini ya mwembe walipoingia, walikuwa wanapapasa ukuta kwa viganja. Sina kejeli yoyote kuhusu siku ile. Lakini waliingia na mwalimu mmoja niliyemtoa shule mama, pamoja na binti wa kujitolea aliyemaliza chuo na kusubiri ajira, ambaye kijiji kilimlipa kinapoweza. Mwaka wa pili sakafu ikaanza kuchimbika, kama sakafu zote zenye mamia ya miguu midogo. Bawaba za madirisha zikalegea. Jengo la milioni arobaini halikuja na hata shilingi ya kulitunza. Lilikuja kwenye ile ile 570,000, likapanga foleni nyuma ya chaki.

Hili silisemi peke yangu. Kwenye mikutano yetu ya walimu wakuu mambo ya kweli husemwa wakati wa chai. Ndani ya ukumbi kuna risala. Niliwahi kuwa kwenye kamati ya kuandika risala moja, na tuliweka sentensi ya adabu kabisa kuomba kiwango cha ruzuku kiangaliwe upya. Rasimu ilipopitiwa na wakubwa ilirudi bila sentensi hiyo, na mahali pake pamewekwa aya ya kushukuru kwa madarasa. Nikaisoma hivyo hivyo kwa sauti nzuri, mgeni rasmi akapiga makofi.

Wakati wa chai ndipo nilipomsikia mwenzetu wa visiwa vya ziwani akitoa hesabu ambayo sijawahi kuiona kwenye ripoti yoyote. Shule yake ina watoto 180. Mia tano mara 180 ni shilingi 90,000 kwa mwezi. Kwenda benki ni mtumbwi mpaka bandari, gari mpaka mjini, kulala, na kurudi. Akirudi, sehemu kubwa imeishia njiani. Anakaa miezi mitatu bila kuchukua ili safari iwe na faida, halafu anaulizwa kwa nini hatumii fedha za serikali. Fedha inayohesabiwa kwa kichwa cha mtoto inaiadhibu shule ndogo, kwa sababu ubao wa shule ya watoto 180 una urefu ule ule wa shule ya watoto elfu.

Mkuu wa sekondari ya kata alimsikiliza kisha akacheka kwa uchungu. Wenu mkiwakosesha chakula wanalia, alisema, wangu wana ndevu na maabara haina hata asidi. Yeye lalamiko lake lilikuwa tofauti: hataki fedha zaidi kabla hajapata walimu wa fizikia na hisabati. Alipewa vyumba vinne vipya na walimu watatu wa historia. Nilimbishia kidogo, lakini nadhani kwa sekondari ana haki.

Akawepo na mzee mmoja wa shule yenye mashamba, mwanafunzi mtiifu wa Elimu ya Kujitegemea ya Mwalimu Nyerere, anayetuona sisi wote wavivu. Ana ekari tano za mahindi na bustani ya mchicha, anauza, ananunua rimu. Uongozi ni ubunifu, anasema kila mwaka. Nampenda sana mzee huyu na sikubaliani naye. Ekari tano hizo alizirithi kutoka kwa wazee wa 1974. Mwenzake wa Geita mjini ana watoto elfu tatu kwenye eneo lisilotosha kucheza mpira. Huyo alime wapi, juu ya bati? Na hata kwenye ekari zake, anayepalilia ni mtoto wa darasa la nne wakati wa kipindi cha sayansi. Ubunifu wa mwalimu mkuu usiwe sababu ya serikali kusahau elfu kumi yake.

Mifumo nayo. FFARS, mfumo wa hesabu za fedha za shule, ilipokuja mwaka 2017 ilikuwa neema, maana kila shilingi inaonekana imeingia lini na imetoka kwa hati gani. Lakini shule ya msingi haina mhasibu. Mhasibu wangu alikuwa mwalimu wa darasa la tatu. Akijaza mfumo, watoto wake tisini wanajisomea wenyewe, yaani wanapigana. Mwaka 2023 ukaja NeST wa manunuzi, na mwenye duka pale senta, aliyetukopesha chaki miaka yote, hayumo kwenye mfumo wala hana mpango wa kuwemo. Tukaanza kutafuta mzabuni mjini wa kutuletea boksi za chaki kwa gari.

Kinachonitia hofu zaidi kiko mbele kidogo. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, ile iliyozinduliwa Dodoma Februari 2025, imepunguza elimu ya msingi kuwa miaka sita na kuifanya elimu ya lazima kuwa miaka kumi. Mtaala mpya ulianza Januari 2024 na darasa la kwanza na la tatu miongoni mwa wengine. Fuateni kwa vidole: waliokuwa darasa la tatu mwaka 2024 watamaliza la sita mwaka 2027. Waliokuwa la nne mwaka ule ule watamaliza la saba mwaka huo huo wa 2027. Madarasa mawili yanatoka kwa pamoja, na Januari 2028 yote mawili yanagonga mlango wa kidato cha kwanza. Kwa kuwa miaka kumi ni ya lazima, hakuna wa kumwambia mtoto kwamba hakufaulu akalime.

Najua kitakachofanyika, kwa sababu nilikuwa ndani yake. Itatangazwa fedha ya kujenga. Milioni kadhaa kwa darasa, tarehe ya mwisho Desemba, kundi la WhatsApp, picha ya lenta. Na ni lazima ijengwe, sikatai. Lakini wakati huo huo shule za msingi zitabaki na vyumba vya darasa la saba vitupu. Kwenye kata nyingi shule ya msingi na sekondari zimetenganishwa na uzio wa minyaa tu. Kuna mtu ameshakaa na walimu wakuu wa kata akawauliza vyumba vipi vinaweza kuvuka uzio? Mimi sikuulizwa mpaka naondoka, na wenzangu walio kazini wanasema bado wanajaza takwimu.

Mkinitaka niseme ningefanya nini, ningeanza na hiyo elfu kumi. Iwekwe kwenye bajeti kiwango kinachopitiwa upya kila baada ya miaka mitatu, kama bei za vitu zinavyopitiwa na kila mtu mwingine nchini. Shule ipewe kiasi cha chini kisichotegemea idadi ya watoto, ili yule wa visiwani apumue, halafu juu yake ndiyo ihesabiwe kwa kichwa. Kila darasa linalojengwa liwe na fungu lake la matengenezo. Kata iwe na mhasibu mmoja anayezungukia shule zake. Na ukuu wa shule uombwe, watu wafanyiwe usaili, wapelekwe kwanza ADEM Bagamoyo kujifunza uongozi, na wakivuliwa iwe kwa barua yenye sababu na nafasi ya kujitetea. Hilo la mwisho halihitaji bajeti kabisa.

Mbunge wenu akija kuomba kura au kushukuru, msimuulize kuhusu madarasa, hayo atayasema mwenyewe bila kuulizwa. Muulizeni kama anajua mtoto wa shule ya msingi ya jimbo lake anapata shilingi ngapi kwa mwezi. Kisha mtulie mumwangalie anavyomgeukia msaidizi wake.

Na kwa kijana aliyenirithi, aliyenipigia juzi kuhusu mlinzi aliyeacha kazi kwa sababu hajalipwa: usimlipe kutoka fungu la mitihani hata kama ni siku mbili tu, na usiwaite wazazi shuleni. Nenda kwa mwenyekiti wa kijiji jioni, nyumbani kwake, kabla ya mkutano na si baada ya mkutano. Hoja aitoe yeye. Wewe omba nakala ya muhtasari, yenye sahihi ya mtendaji na muhuri, uiweke kwenye jalada la bluu lililoko kabati la kushoto. Ufunguo wa kabati hilo unakwama, uuvute kidogo ndipo uuzungushe.